TYUBU YA ISHIRINI NA NNE

Sehemu ya Saba

Glavu ilikataa kutoka.

Kerubo aliivuta taratibu, akaacha. Akaivuta tena, na Wanjiru akauma ncha ya leso asipige kelele, kwa sababu ukuta wa plaiwudi wa chumba chao pale mtaa wa Najma, Doha, haukuzuia hata kikohozi, na upande wa pili walilala wasichana wawili waliotoka zamu.

"Lete maji ya vuguvugu," Wanjiru akasema. "Na usiniangalie hivyo. Unanitisha kuliko mkono wenyewe."

Mliokuwepo wiki jana mnajua: Wanjiru alirudi kutoka hotelini West Bay, anakosafisha vyumba kumi na sita kwa siku, akasimama mlangoni na kusema ngozi yake imeshikana na glavu. Mkono mmoja ulikwisha kufunguliwa, na tulichokiona hatukutamani kukiona tena. Huu ulikuwa wa pili.

Kerubo alileta beseni. Wakauzamisha mkono, wakangoja. Baada ya dakika kumi glavu ililegea, ikachunika polepole kama ganda la ndizi iliyoiva kupita kiasi. Chini yake vidole vilikuwa vyekundu, vimechubuka, vinatoa maji.



"Si ulisema ni ile ile?" Wanjiru akauliza hatimaye. Sauti yake haikuwa ya hasira. Afadhali ingekuwa ya hasira. "Ulisema, 'Shiru, hii ni kama orijino, tofauti ni bei tu.' Si ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi niambie nilikosea wapi. Nilipaka asubuhi na jioni, vile uliniambia."

Ni kweli alimwambia. Majuma matatu nyuma mikono ya Wanjiru ilikuwa na nyufa tu, nyufa za sabuni na dawa ya vyoo, ambazo kila msichana wa usafi mjini Doha anazijua. Kerubo alimwona akishindwa kukanda unga wa chapati, roho ikamuuma.

Na Kerubo, kwa bahati yake mbaya, alikuwa na dawa karibu. Alikuwa mpimaji katika maabara ya Rimali Derma, kiwanda kidogo cha dawa za ngozi kule Eneo la Viwanda. Walikuwa wakitengeneza krimu ya ukurutu ya jeneriki, yaani dawa ile ile ya kampuni kubwa ya ng'ambo ambayo haki zake zimekwisha muda, na sasa yeyote anaweza kuitengeneza kwa bei nafuu, mradi athibitishe kwamba yake haitofautiani na ile ya kwanza. Kerubo alichukua tyubu moja nyeupe, haina maandishi ila namba, akaileta nyumbani ndani ya soksi.

Aliitoa kabatini. Si kabati lolote. Kila bechi ya dawa, yaani mchanganyo mmoja, ikitoka, tyubu ishirini na nne hufungiwa kwenye kabati la sampuli za akiba na haziguswi, ili siku dawa ikilalamikiwa zifunguliwe ziseme ukweli. Ufunguo wa kabati hilo aliuvaa Kerubo mwenyewe shingoni. Alijua kwamba kutoa hata moja ni wizi. Alitoa.

"Ulikuwa ukipaka kisha unavaa glavu?" Kerubo akauliza, na ndani yake tumaini dogo, tumaini la aibu, likachomoza. Krimu ikifunikwa na mpira huingia ngozini kwa nguvu kupita kipimo. Labda ni glavu. Labda si krimu.

Wanjiru alimkazia macho.

"Sasa nioshe vyoo vya wageni bila glavu? Keru, hii dawa mlimtengenezea nani? Wale wamama wa kukaa tu kwa AC?"

Tumaini likafa pale pale.

"Jumatatu supavaiza anataka kuona mikono yangu," Wanjiru akaendelea, akitazama dari. "Ameshaniona nikishika mopu na vidole viwili. Akisema sifai, ni tiketi ya kurudi. Na harusi yako nani atakusuka? Si niliahidi nitakusuka mimi, bure, mpaka mashemeji waulize ni saluni gani?"

Aliyasema hayo akicheka. Wanjiru ndiye aliyekuwa msusi wa nusu ya Wakenya wa Najma. Kila Ijumaa baada ya kanisa walipanga foleni kwenye ngazi. Ijumaa hii alikuwa amewaambia warudi.

Kerubo alichukua ile tyubu, imebaki nusu. Kwenye kidole gumba alikuwa na mkwaruzo mdogo wa karatasi. Akapaka tone.

Ilichoma kama pilipili kwenye jicho.

*

Jumamosi asubuhi maabara ilikuwa kimya. Jumapili angekuja mkaguzi wa serikali kufunga jalada la krimu, kwa hiyo kila kitu kilikuwa kimesuguliwa mpaka kinang'aa.

Kerubo alikaa mbele ya vikombe vyake vya kioo. Hivyo vikombe, msomaji, ndivyo vilivyomtoa machozi mwaka mzima. Juu unaweka krimu, katikati kiwambo chembamba mfano wa ngozi, chini maji ya uvuguvugu wa mwili. Kila saa unachota tone la chini na kupima dawa kiasi gani imepita. Krimu yako na krimu ya orijino zishindane. Zikienda sambamba, umepita. Yako ikichelewa, au ikikimbia, umeanguka.

Bechi ya kwanza ilichelewa. Ya pili ikachelewa. Kerubo, ambaye mkataba wake ulikuwa bado wa majaribio, alilia chooni mara zote mbili.

Bechi ya tatu ikaenda sambamba na orijino kama mapacha. Siku hiyo Philip, mchumba wake, ambaye ndiye mchanganyaji wa dawa pale kiwandani, alimletea kunafa ya moto, ile tamutamu ya jibini, na kumwambia, "Umeona? Mungu si Athumani." Na ni kweli krimu ilikuwa laini zaidi ya zile mbili, inateleza vizuri. Kila mtu aliisifu. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Sasa Kerubo aliuliza. Alikamua krimu kutoka ile tyubu ya Wanjiru, akaipima. Hakupima dawa. Alipima kiyeyushi, kile kimiminika kinachoibeba dawa na kuisukuma ipite ngozini. Kwenye jalada waliandika ni asilimia kumi. Kikizidi sana, kwenye ngozi yenye jeraha kinachoma.

Mashine ilichukua nusu saa. Kisha ikaandika namba.

Arobaini na mbili.

Alirudia. Arobaini na mbili.

Mtu mmoja tu kiwandani ndiye aliyemimina kiyeyushi kwenye pipa.

*

Philip alikuwa kwenye kibanda cha chai ya karaki nyuma ya kiwanda, ameshaagiza vikombe viwili. Alikuwa mtu wa kukumbuka sukari ya kila mtu.

"Asilimia arobaini na mbili," Kerubo akasema. Hakusalimia.

Philip alikoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa.

"Nani alikutuma upime?"

"Hujaniuliza ni asilimia arobaini na mbili ya nini."

Kijiko kikasimama.

"Kaa chini, Keru. Watu wanatuangalia."

"Wacha waangalie."

"Kaa, mpenzi. Tafadhali."

Akakaa. Kerubo alikuwa mtu wa kukaa akiambiwa kaa, na hilo pia Philip alilijua.

"Ulikuwa unalia," Philip akaanza, kwa ile sauti yake ya upole. "Bechi ya kwanza ulilia, ya pili ulilia mpaka ukatapika. Bosi wetu, Daktari Eugene, aliniita ofisini akaniambia: ya tatu ikianguka, mkataba wa msichana wako hausainiwi. Nifanyeje? Nikae nikuangalie ukipanda ndege?"

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Muuza chai, mzee Mhindi wa Kerala mwenye kofia ya timu ya kriketi, aliwapitishia sahani ya biskuti akaondoka haraka. Anajua sura za watu wanaogombana.

"Na isitoshe haidhuru mtu," Philip akasema. "Tuliijaribu kwa watu kumi na wawili. Mikono yao ikabaki safi. Iko kwenye jalada."

"Watu wenye ngozi nzima!" Sauti ya Kerubo ilipanda, jambo ambalo halikuwa desturi yake. "Philip, ni nani hununua dawa ya ngozi akiwa na ngozi nzima?"

 Philip alikuwa na swali, na swali lake lilikuwa kali kuliko jibu lolote.

"Umepima tyubu gani?"

Kerubo akaushika ufunguo shingoni.

"Bechi ya tatu, ishirini na nne ziko kabatini kwa akiba, na nyingine zote ziko ghalani zimefungwa kwa utepe wa mkaguzi. Tyubu gani, Keru?"

Basi akamwambia. Alimwambia habari za Wanjiru, za nyufa, za soksi, za beseni. Alimwambia kwa sababu alizoea kumwambia kila kitu, na mazoea yana taabu, hayajui siku ya kukoma.

Philip alisikiliza mpaka mwisho. Kisha, taratibu, uso wake ukalegea. Kilikuwa kitu cha kutisha kuona, mtu akipata nafuu kwa kusikia vidonda vya mwenzake.

"Kwa hiyo umeiba sampuli ya akiba," akasema. "Kabatini zimebaki ishirini na tatu. Kesho mkaguzi akihesabu, kitu cha kwanza atakachouliza si kiyeyushi. Atauliza nani ana ufunguo."

"Najua."

"Utafukuzwa kabla hujamaliza sentensi. Na mwizi hasikilizwi, Keru. Hata akisema ukweli."

Hapo Kerubo alilia. Akavua ule ufunguo uliokuwa ukimwasha shingoni kwa jasho, akautia mkobani, akaenda kunawa uso kwenye bomba la duka la jirani.

Aliporudi Philip hakuwepo. Mkoba ulikuwa juu ya meza, upande mwingine wa kikombe.

"Bwana kasahau simu kazini," muuza chai akasema. "Kasema ungoje. Dakika kumi."

Zilikuwa ishirini na tano. Philip alirudi akihema, akamkumbatia, na akanuka jasho la kukimbia.

"Nitarekebisha kila kitu," akasema. "Wewe kesho nyamaza tu. Unajua kunyamaza, si ndiyo? Tukishasaini, nitatengeneza bechi ya nne kwa haki. Nakuapia kwa mama."

Kerubo alitaka sana kumwamini. Alirudi Najma, akairudisha ile tyubu mezani, akamlisha Wanjiru ugali kwa mkono wake mwenyewe, tonge kwa tonge, kwa maana Wanjiru hakuweza kushika.

"Napenda hii huduma," Wanjiru akasema mdomo umejaa. "Hotelini kwetu ungepata tipu."

Kerubo akashibishwa na uchungu, hakula.

*

Jumapili saa nne kamili mkaguzi alifika.

Kerubo alikuwa amemwona Philip kwanza, langoni, akizungumza kwa simu kwa Kiingereza cha adabu sana, "yes sir, yes sir." Alipomwona Kerubo alikata, akatabasamu.

Mkaguzi aliitwa Bi Noora, Mkatari wa makamo, abaya nyeusi na viatu vya mpira vya kutembelea viwandani. Hakunywa kahawa aliyoandaliwa wala hakugusa tende. Daktari Eugene, Mganda aliyekuwa mkuu wa ubora pale, alimfuata nyuma kama mwanafunzi anayengoja matokeo.

Wakazungumza Kiingereza. Wakapita kwenye mapipa, wakapita kwenye mizani. Kisha Bi Noora akasimama mbele ya kabati.

"Hapa," akasema. "Fungua."

Ufunguo wa Kerubo uligonga chuma mara mbili kabla ya kuingia. Mlango ukafunguka. Bechi ya tatu ilikuwa rafu ya katikati, kwenye sanduku la kadibodi.

"Ngapi?"

"Ishirini na nne, madam," Eugene akajibu kwa haraka.

"Ahesabu yeye."

Kerubo akaanza. Moja, mbili, tatu. Alijua zitaishia wapi. Alijua atafika ishirini na tatu na atasimama, na dunia yake nayo itasimama. Kumi na tisa. Ishirini. Alihisi macho ya Philip kisogoni. Ishirini na mbili, ishirini na tatu.

Ishirini na nne.

Alidhani amekosea. Akahesabu tena kwa macho. Safu nne, sita sita. Sanduku lilikuwa limejaa.

Ufunguo mkobani. Upande mwingine wa kikombe. Dakika ishirini na tano za Philip, kisha lile kumbatio.

"Sawa," akasema Bi Noora, akaandika. "Sasa nipe moja, yoyote ile. Nitaipeleka kwenye maabara yetu ipimwe yote. Dawa, kiyeyushi, kila kitu."

Philip alikohoa. Kisha akasema kwa Kiswahili, kwa sauti nyepesi, kama mtu anayemwelekeza mwenzake mahali kalamu ilipo:

"Chukua ya mwisho kulia, safu ya nyuma. Tafadhali, mke wangu."

Bi Noora hakuelewa. Eugene, aliyekulia Jinja na kuishi Nairobi miaka sita, alielewa vizuri sana. Eugene alitazama dirisha.

Na Kerubo akaiona ile ya mwisho kulia. Mashine yao ya kubana mkia wa tyubu ilikuwa imevunjika jino moja. Kila tyubu iliyopita kwenye mashine hiyo ilikuwa na pengo dogo kwenye mkunjo, kama mtoto aliyeng'oka jino. Ishirini na tatu zilikuwa na pengo. Ya ishirini na nne mkunjo wake ulikuwa umekamilika, umebanwa kwa koleo la mkono.

Hakuhitaji kuambiwa ndani yake mna nini. Krimu ya orijino, ya kampuni kubwa, imekamuliwa ikatiwa kwenye tyubu nyeupe na kuandikwa namba yao. Ikipimwa, itapita. Dawa itasajiliwa. Mkataba utasainiwa. Harusi itafungwa Desemba, na kila zahanati ya kambi za wafanyakazi, kutoka Lusail mpaka huku, itapokea katoni za asilimia arobaini na mbili. Watapaka wapishi, wasafishaji, waosha magari. Watu wa ngozi iliyochanika.

"Sister?" Bi Noora akasema. "Yalla. Moja tu."

Kerubo aliusogeza mkono kulia. Philip akapumua.

Mkono ukapita ile ya mwisho. Ukarudi katikati. Ukachukua tyubu yenye pengo, ukaiweka kwenye kiganja cha mkaguzi.

"Hii," Kerubo akasema. Na sauti yake, ambayo darasani chuoni hakuna mwalimu aliyewahi kuisikia kutoka kiti cha nyuma, ikaendelea yenyewe. "Na uchukue na ile ya pembeni, madam, uzilinganishe. Na kiyeyushi kipimeni kwanza. Si asilimia kumi. Nimepima. Ni arobaini na mbili."

"Banange!" Eugene akamaka kwa lugha ya kwao. "Kerubo, una homa?"

"Niliiba tyubu moja," Kerubo akasema. Alisema upesi kabla ujasiri haujamtoka. "Nilimpa mtu mgonjwa. Ndiyo maana najua. Iliyojaza nafasi yake si yetu."



Bi Noora hakupayuka. Alizitia tyubu zote mbili kwenye mfuko, akaufunga kwa lakiri. Akavuta kiti, akakaa.

"Kiyeyushi hakitoki ghalani chenyewe," akasema. "Kila pipa lina hati yake. Leteni hati za mwezi wa bechi hii."

Faili likaletwa. Akafungua kurasa taratibu, akilowesha kidole. Kerubo alimtazama Philip kwa mara ya kwanza siku hiyo, na kilichomshangaza ni kwamba Philip hakuwa na hofu. Alikuwa na huzuni. Huzuni ya mtu aliyekwisha kuamua.

"Hii hapa," Bi Noora akasema. "Pipa moja la ziada, siku moja kabla ya kuchanganya. Limeombwa nje ya kipimo. Aliyeomba amesaini." Akaigeuza karatasi. "Sahihi hii ni ya nani?"

Kerubo akainama kuitazama.

Ilikuwa yake.

Ilikuwa yake kweli, haikuigizwa. Ile K yenye mkia, ile nukta aliyozoea kuiweka mwishoni. Pale kiwandani kitu chochote kinachotoka ghalani kinahitaji sahihi mbili: mpimaji aombe, mchanganyaji ashuhudie. Philip aliingia zamu saa kumi na moja alfajiri. Kerubo aliingia saa mbili. Ili mchumba wake asikae bure saa tatu akimngoja, Kerubo alimsainia hati tano tupu, akamwachia kwenye droo. "Utajaza mwenyewe, babe," alimwambia. Yalikuwa mapenzi tu. Hakujua kwamba amemwachia kamba, na shingo ameitoa yeye.

Chini yake, kwenye mstari wa shahidi, palikuwa na jina la Philip, limeandikwa kwa usafi.

"Mimi nilishuhudia tu," Philip akasema kwa Kiingereza, macho chini. "Mpimaji akiomba pipa, kazi yangu si kumhoji. Alikuwa na shinikizo kubwa, madam. Alikuwa akilia kila siku. Daktari Eugene anaweza kuthibitisha."

Eugene alipangusa miwani. Akaivaa. Akaivua tena.

"Alikuwa akilia," akathibitisha. "Hilo ni kweli."

 Umewahi kumsikia mtu akiyachukua machozi uliyomlilia kifuani na kuyapeleka mahakamani? Mpenzi haumi kama jirani. Jirani hajui pa kuuma.

"Sahihi ni yako?" Bi Noora akauliza tena.

"Ni yangu."

"Pipa uliliomba wewe?"

"Hapana."

"Una shahidi?"

Kerubo akafikiri. Hakuwa na karatasi. Karatasi zote zilimsema yeye. Alikuwa na kitu kimoja tu duniani ambacho hakikuandikwa kwenye jalada lolote.

"Ninayo mikono ya mtu," akasema. "Wanjiru, ninayeishi naye. Ndiye niliyempa krimu. Na nusu ya tyubu yake ipo, ina pengo kwenye mkia, na namba niliiandika kwa mkono wangu. Madam, usiniamini mimi. Njoo Najma umwone. Uone ngozi, umuulize imeanza lini. Kisha unifunge ukitaka."

 Bi Noora akatazama saa ya ukutani: saa saba kasoro dakika tano.

"Khalas," akasema, akainuka. "Twende tukamwone."

Kwa mara ya kwanza Philip aliinua uso.

Hapo simu ya Kerubo ikalia mfukoni. Jina lilikuwa la Wanjiru. Kerubo akasita.

"Pokea," Bi Noora akaamuru. "Iweke kwa sauti, wote tusikie."

"Keru!" Sauti ya Wanjiru ilijaa chumba, na nyuma yake kulikuwa na kishindo cha masanduku na mwanamume akifoka kwa Kiarabu. "Keru, gari la kampuni liko hapa chini. Wameniambia nifungashe. Hata sijaweza kufunga zipu, amenifungia dereva. Ndege ni saa kumi!"

"Kwa nini? Si walisema Jumatatu?"

"Kuna mtu amewapigia simu asubuhi, mwanamume Mkenya, anaongea Kiingereza kizuri. Amewaambia nina ugonjwa wa ngozi wa kuambukiza, nitaambukiza wageni. Wamechukua pasipoti, wamechukua na vitu vyangu vya mezani vyote wakatupa. Hata ile tyubu." Akavuta pumzi, na aliposema tena sauti ilikuwa imeshuka, imekuwa ya mtoto. "Keru, nilimficha kila mtu mikono yangu. Kila mtu. Wewe ulimwambia nani?"

Simu ikakatika.

Kerubo aligeuka polepole. Bi Noora naye, ambaye hakuelewa neno hata moja la Kiswahili, alifuata macho yake yalikokwenda.

Kabla ya leo, Kerubo alikuwa amemwambia mtu mmoja tu.